Matetemeko ya mfululizo na safari ya magma chini ya Goma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo chini ya volkano ya Nyiragongo, inapotikisika: sokoni Virunga, nje ya kanisa, kwenye magrupu ya WhatsApp usiku wa manane. Mengine yanahitaji jibu refu, mengine mistari miwili inatosha.

Matetemeko ya mfululizo ni kitu gani? Si ni tetemeko la kawaida tu, ila mara nyingi?

Hapana. Tetemeko la kawaida lina mkubwa na wadogo wake. Watu wa Bukavu wanakumbuka tarehe 3 Februari 2008: lilipiga moja la ukubwa wa 5.9, kisha yakafuata madogo siku baada ya siku, mengi mwanzoni, machache baadaye. Tarehe 14 mwezi huohuo lilikuja jingine kali, lakini mpango ulikuwa uleule: mwamba uliobanwa kwa miaka umeteleza, na yanayofuata ni kutulia kwake.

Matetemeko ya mfululizo hayana mkubwa. Yanakuja makumi, mamia, hata maelfu katika eneo moja, kwa saa kadhaa au kwa wiki nzima: 2.8, kisha 3.6, kisha 2.1, kimya cha saa mbili, halafu 4.0. Kali kuliko yote linaweza kuja katikati, au siku ya tano watu wakiwa wameanza kurudi kulala ndani. Hapa tutaliita kundi la namna hii bumba, kama bumba la nyuki, maana ni vigumu kusema nyuki gani ndiye aliyeanza.

Mwamba ukishateleza, kazi imekwisha. Bumba linaonyesha kwamba kuna kitu kinaendelea kusukuma huko chini. Kinaweza kuwa magma, maji ya moto, gesi, au mpasuko unaoteleza polepole. Kujua ni kipi kati ya hivyo ndiyo kazi yenyewe.

Magma inatetemeshaje ardhi?

Watu wengi huchora bomba la duara linalopanda hadi kwenye kreta, yaani mdomo wa volkano. Magma inayotembea ubavuni haisafiri hivyo. Magma ni mwamba ulioyeyuka wenye gesi ndani yake, mwepesi kuliko mwamba mgumu unaouzunguka. Ikikosa njia ya wazi, hupasua. Hufungua ufa mwembamba uliosimama wima, wenye unene wa mita moja au mbili hivi na urefu wa kilomita nyingi, na kujiingiza humo kama kabari ndani ya gogo. Huo ndio mshipa wa magma.

Mwamba huvunjika hasa kwenye ncha ya kabari, na kila kivunjiko ni tetemeko. Nyuma ya ncha, mahali ambapo njia imekwisha kufunguka, magma hupita karibu kimya. Kwa hiyo bumba la mshipa linasafiri: leo asubuhi matetemeko yako chini ya Kibati, jioni yako chini ya Majengo, kesho yako chini ya ziwa. Idadi ya matetemeko inatisha, lakini habari iko katika safari yake.

Kwa nini kuelekea kusini, yaani kwetu? Kwa sababu tumejenga ndani ya Bonde la Ufa. Hapa Kivu ardhi inavutwa mashariki na magharibi kwa milimita 2 hadi 3 kwa mwaka, na nyufa rahisi kufunguka ni zile zinazokwenda kaskazini–kusini. Nyiragongo ikipasuka ubavuni, Goma iko kwenye mstari wa ufa.

Mei 2021 kilitokea nini hasa?

Jumamosi tarehe 22 Mei, jioni, ubavu wa Nyiragongo ulipasuka na lava ikashuka kwa saa chache. Ilikata barabara ya Rutshuru, ikachoma vijiji na nyumba upande wa Buhene, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Asubuhi watu wengi walidhani yamekwisha.

Hapo ndipo bumba lilipoanza. Kwa siku zilizofuata ardhi ilitikisika mamia ya mara, na kali kuliko yote likafika 4.7. Vipimo vya mitetemo na picha za satelaiti vilionyesha kwamba mshipa wa magma ulikuwa umejisukuma kutoka Nyiragongo, ukapita chini ya mji na kuingia chini ya Ziwa Kivu, urefu wa kilomita 25 hivi. Sehemu ya juu ya mshipa ilifika mita 500 hivi tu chini ya ardhi. Nyufa zilifunguka barabarani na ndani ya viwanja, Goma na ng'ambo Rubavu, Rwanda, na majengo yakaanguka pande zote mbili za mpaka.

Tarehe 27 Mei alfajiri mamlaka iliagiza kartie (mitaa) 10 kati ya 18 za mji zihame, zikiwemo Bujovu, Majengo, Virunga, Mapendo, Mikeno na Les Volcans. Watu karibu 400,000 waliondoka kuelekea Sake, Minova, Bukavu, Rutshuru na Rwanda. Magma haikutoka mjini. Ilipoa mahali ilipofika, bumba likafifia, na Juni watu wakaanza kurudi kwa awamu.

Wako wanaosema hadi leo kwamba kuhamisha watu lilikuwa kosa kwa sababu "hakuna kilichotokea". Nusu kilomita ya mwamba ndiyo iliyotenganisha magma na nyumba za watu. Uamuzi hupimwa kwa yale yaliyojulikana alfajiri ya tarehe 27, na siku hiyo hakuna aliyejua kama ncha ile ingesimama.

Kama matetemeko ni dalili ya magma, mbona mashine hazikuonya kabla ya tarehe 22?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote.

Matetemeko hutokea magma inapolazimika kuvunja mwamba ili ipande. Nyiragongo ya 2021 haikuhitaji kupanda. Kwa miaka karibu 19 kulikuwa na ziwa la lava ndani ya kreta, yaani magma ilikuwa imekwisha kufika juu, wazi, mita mamia kadhaa tu chini ya mdomo. Ukuta wa mlima wenyewe ulikuwa umechoka kwa joto, gesi na nyufa za 1977 na 2002. Uliposhindwa, lava ilimwagika kama maji ya pipa lililotoboka ubavuni. Uchambuzi uliofanywa baadaye ulikuta dalili za wazi kwenye mitetemo dakika 40 hivi tu kabla ya lava kutoka.

Mwaka 2002 ulikuwa tofauti. Tarehe 4 na 7 Januari watu walisikia matetemeko, na tarehe 17 ubavu wa kusini ukafunguka kutoka juu mlimani hadi karibu na mji. Lava ilipita katikati ya Goma, ikala sehemu ya njia ya ndege, ikaingia ziwani. Wiki mbili za onyo mwaka 2002, chini ya saa moja mwaka 2021, na ni mlima uleule.

Kwa hiyo bumba ni sababu ya kuchukua hatua, lakini kukosekana kwa bumba si cheti cha usalama. Kwa volkano ambayo kreta yake imefungwa, ukimya una uzito. Kwa Nyiragongo yenye ziwa la lava, ukimya hausemi mengi.

Wataalamu wanaangalia nini kwanza?

Kwa mpangilio wa umuhimu, na idadi inakuja mwisho:

Kwanza, mahali matetemeko yanapohamia. Nukta zikisogea kwa mstari kwenye ramani, huo ni mshipa unaotembea. Nukta zikibaki mahali pamoja, huenda ni maji ya moto au mpasuko unaojirekebisha.

Pili, kina. Kutoka kilomita 12 kwenda 6 kwenda 2 ni habari mbaya hata kama idadi inapungua.

Tatu, umbo la ardhi. Vipokezi vya GPS na picha za rada za satelaiti huonyesha kama pande mbili za ufa zinaachana. Mwamba hauwezi kupokea kabari bila kujitanua, na hiki ndicho kipimo kinachomaliza ubishi kati ya "ni magma" na "si magma". Ubaya wake ni kwamba satelaiti hupita kwa siku zake, na mshipa hausubiri.

Nne, gesi na joto: moshi wa salfa unaotoka kreta, joto la nyufa, gesi inayotoka ardhini. Kisha ndiyo tunahesabu matetemeko kwa saa.

Mitetemo yote ni sawa?

Kwenye karatasi ya mashine kuna sura tatu. Ya kwanza inaanza ghafla na kuchanachana haraka: mwamba umevunjika. Hii ndiyo unayoisikia nyumbani. Ya pili ni ya polepole, mizunguko 1 hadi 5 kwa sekunde, na mwanzo wake haueleweki: gesi au magma imesukumana ndani ya njia yake. Mara nyingi miguu haiisikii. Ya tatu ni mngurumo usiokatika kwa dakika au saa nyingi, dalili ya magma au gesi inayotiririka karibu na juu.

Ila angalizo la hapa kwetu: volkano yenye ziwa la lava hunguruma kila siku, na huo ndio usemi wake wa kawaida. Kinachoshtua ni mngurumo kubadilika, na kunyamaza ghafla ni mabadiliko pia.

Naweza kukadiria mwenyewe tetemeko limetokea umbali gani?

Ndiyo, kwa simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Tetemeko hutuma mawimbi mawili. La kwanza ni la haraka, mara nyingi ni kishindo kidogo au mlio wa vyombo kabatini. La pili ni la polepole na lina nguvu zaidi, ndilo linaloyumbisha. Hesabu sekunde kati ya mawili hayo, zidisha kwa 8, upate kilomita. Sekunde 3 ni kilomita 24 hivi. Sekunde 12 ni karibu kilomita 100, na huenda halihusiani na Nyiragongo kabisa.

Umbali huo unahesabiwa hadi chanzo chenyewe, kina kikiwemo. Ukisikia pigo moja tu, kama lori limegonga ukuta, likaisha ndani ya sekunde mbili tatu, liko karibu sana nawe na si la kina kirefu. Ndivyo wengi wa Goma walivyolisikia bumba la 2021, na ndiyo sababu tetemeko la 3.5 lilitisha kuliko la 5 la mbali.

Makosa ya kawaida: kuanza kuhesabu baada ya kuamka (wimbi la kwanza limekwisha kupita), kuhesabu ukiwa ghorofani ambako jengo linaendelea kuyumba lenyewe, na kujenga hoja juu ya tetemeko moja.

Mbona taarifa ya kwanza husema kina ni kilomita 10, halafu inabadilishwa? Wanatudanganya?

Kilomita 10 mara nyingi si kipimo. Taasisi za kimataifa zinazotumia mashine za mbali huweka namba hiyo kama kina cha kuanzia pale data inaposhindwa kuonyesha kina. Ukiona "km 10" kamili ndani ya dakika chache baada ya tetemeko, isome kama "kina hakijajulikana".

Kupata kina sahihi ni kazi. Unahitaji angalau vituo vinne vilivyozunguka chanzo, na kimoja kiwe karibu, kwa umbali usiozidi sana kina chenyewe. Kosa la sehemu moja ya kumi ya sekunde katika kusoma wimbi la kwanza ni mita 600 hivi za umbali. Mwamba wa volkano pia si wa aina moja: lava ngumu, majivu, nyufa zenye maji, na kila kimoja kina kasi yake. Kwa hiyo "kilomita 5" inaweza kuwa 3 au 7, na kusahihishwa ni dalili kwamba mtu amekaa akaisoma tena.

Kisha kuna mashine zenyewe. Kituo cha kawaida ni kipima mtetemo kilichofukiwa juu ya mwamba, kirekodi, GPS ya kulinganisha saa, betri ya volti 12, paneli ya jua na njia ya kutuma data. Kinachokiua mara nyingi ni kitu kidogo: wiki ya mawingu inayomaliza betri, paneli iliyoibiwa, panya aliyekata waya, radi, maji ndani ya shimo, au intaneti iliyokatika. Kituo kimoja kikizimika upande wa kaskazini, nukta zote kwenye ramani zinaweza kusogea kilomita kadhaa bila magma kusogea hata hatua. Ukikuta waya au paneli ya kituo kichakani, iache hapo. Ni sehemu ya king'ora cha mji mzima.

Kila bumba huishia na mlipuko?

La. Mengi hufa kimya. Pozzuoli, Italia, ardhi ilipanda kwa karibu mita 1.8 kati ya 1982 na 1984 pamoja na maelfu ya matetemeko, watu wakahamishwa, na hakukuwa na mlipuko. Matsushiro, Japani, kuanzia 1965 bumba lilidumu zaidi ya mwaka, na aliyekuwa anasukuma ni maji.

Kuna upande wa pili. Kaskazini mwa Tanzania, Julai 2007, mshipa ulijisukuma karibu na mlima Gelai bila kutoka juu, tetemeko kubwa likafika 5.9, kisha Septemba jirani yake, Oldoinyo Lengai, akalipuka. Grindavík, Iceland, mji ulihamishwa usiku wa tarehe 10 Novemba 2023 mshipa ulipopita chini yake, na lava ikatoka tarehe 18 Desemba karibu na hapo. Nyamulagira, volkano nyingine jirani yetu, hutoa bumba saa au siku chache kabla ya kutoka, kwa kawaida mbali na Goma.

Mshipa unaweza kusimama ukikosa shinikizo au ukikutana na mwamba usiotaka kupasuka.

Ziwa Kivu linaweza kulipuka kwa sababu ya mshipa kama ule?

Ziwa lina kilomita za ujazo 300 hivi za gesi ya kaboni (kaboni dioksidi) na 60 hivi za methani, zikiwa zimeyeyuka katika maji ya chini. Gesi inashikiliwa na uzito wa maji, kama soda ndani ya chupa iliyofungwa. Nyingi iko chini ya mita 250, na ziwa lina kina cha mita 485. Mwaka 2002 lava iliingia ziwani lakini haikuwa na nguvu ya kuivuruga tabaka hiyo. Mwaka 2021 mshipa ulipita chini ya sakafu ya ziwa, na gesi ikabaki mahali pake.

Hatari si sifuri. Kilichotokea Nyos, Kamerun, mwaka 1986, ambapo gesi ya ziwa iliua watu zaidi ya 1,700 usiku mmoja, kinaonyesha inavyokuwa. Lava ingehitaji kutoka kwa wingi sakafuni, kwenye maji ya kina kirefu. Ndiyo maana bumba linapoingia ziwani vipimo vya maji hufuatiliwa pamoja na vya ardhi. Ukiona samaki wengi wamekufa wakielea, usiwaokote kuuza wala kula. Ondoka ufukweni, panda mahali pa juu, utoe taarifa.

Mazuku huongezeka wakati wa matetemeko?

Yanaweza kuongezeka, au kuhamia mahali pasipokuwa nayo, kwa sababu nyufa mpya ni njia mpya za gesi. Mazuku ni gesi ya kaboni, nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu, haina rangi, na hukaa mabondeni, kwenye mashimo, mifereji na vyumba vya chini. Huwa mbaya zaidi usiku na alfajiri, kabla jua na upepo havijaichanganya. Mtu mzima aliyesimama anaweza kuwa salama pale ambapo mtoto, mbuzi au mtu aliyeinama anaanguka.

Watu hupenda kupima kwa mshumaa. Ukizimika, ondoka mara moja. Lakini ukiendelea kuwaka haujakuambia kitu: gesi inaweza kumpoteza mtu fahamu kabla haijatosha kuzima moto. Na kama kuna methani kwenye ufa, umekwenda na kibiriti mahali pabaya.

Aliyeanguka shimoni usimfuate kwa kubana pumzi. Mwokoaji wa pili ndiye maiti wa pili. Tumia kamba kutoka juu, au subiri mwenye kifaa cha hewa.

Ufa umefunguka kiwanjani kwangu. Nifanye nini?

Usiuzibe siku hiyo. Ufa uliozibwa kwa mchanga hauwezi kusomwa, na gesi itatafuta mlango mwingine, labda chini ya kitanda.

Ondoa watoto na mifugo. Angalia kwa mbali kama kuna mvuke, joto au harufu ya mayai yaliyooza. Usiinamishe kichwa ndani. Kama hakuna dalili hizo, piga misumari miwili, mmoja kila upande, mahali pagumu, pima umbali wake kwa rula hadi milimita, uandike tarehe na saa. Pima tena asubuhi na jioni, palepale. Ukutani, paka kipande cha plasta chenye unene wa milimita 5 hadi 10 kikivuka ufa: kikipasuka, ukuta bado unatembea. Plasta ipakwe juu ya tofali lililokwanguliwa, si juu ya rangi, la sivyo itabanduka yenyewe ikudanganye.

Kinachotaka taarifa ya haraka: ufa unaopanuka kwa milimita kadhaa ndani ya siku moja, unaotoa joto, au unaoendelea kwa mstari kwenye viwanja vya jirani. Ufa wa ukuta mmoja pekee mara nyingi ni kosa la fundi.

Nilale ndani au nje?

Nyumba ya mbao ina hatari ndogo ya kukuponda, hiyo ni baraka ya wasio na pesa. Tishio ni ukuta wa matofali usio na mkanda wa zege juu, hasa ile pembe tatu inayobeba paa, na tangi la maji lililowekwa juu. Bumba huchosha ukuta: uliovumilia mapigo 30 unaweza kuanguka la 31 ambalo ni dogo. Ukilala nje, kaa mbali na ukuta kwa umbali unaozidi urefu wake, na usisahau neti. Likipiga ukiwa ndani, jikinge chini ya meza imara badala ya kukimbia kupitia mlango ulio chini ya pembe tatu ile.

Rangi za tahadhari zina maana gani?

Kijani: hali ya kawaida. Njano: kuwa macho, kuna mabadiliko. Rangi ya chungwa: jiandae, mfuko uwe mlangoni. Nyekundu: ondoka kwa njia iliyotangazwa. Rangi hutangazwa na mamlaka kwa ushauri wa Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, OVG, kilichoanza 1986. Nyekundu inaweza kuja bila kupitia chungwa, maana onyo linaweza kuwa la chini ya saa moja, kama mlivyosoma hapo juu.

Niweke nini kwenye mfuko, na nipite wapi?

Maji lita 4 kwa mtu kwa siku. Familia ya sita haiwezi kubeba ya siku tatu mgongoni, kwa hiyo beba ya siku moja na vidonge vya kusafisha maji. Mwaka 2021 mabomba yalikatwa na lava, watu kama nusu milioni wakakosa maji, na walioelekea Sake walikuta visima havitoshi. Mwenye chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ana bahati.

Ongeza vitambulisho ndani ya plastiki, dawa za mgonjwa wa kila siku, redio ndogo na betri zake, viatu vya kufunika, kitambaa cha pua. Andika jina na namba ya simu ya mzazi kwenye mkono wa kila mtoto kwa kalamu isiyofutika. Zaidi ya watoto mia walipotezana na wazazi wao usiku ule wa Mei, na wengi walikuwa wadogo mno kutaja namba.

Zima jiko la makaa kabla ya kutoka. Tenganisha mfereji wa paa na tangi, maana majivu na mvua ya moshi wa volkano huharibu maji.

Lava hufuata mabonde, na ya Nyiragongo ni nyepesi sana, ubavuni juu inaweza kukimbia kuliko mtu. Usiifuate barabara inayopanda kaskazini kuelekea mlimani. Toka upande wa njia yake, usikimbie mbele yake. Na usivuke lava kwa sababu imekuwa nyeusi: chini ya ganda la sentimita chache kuna moto, na gesi yake iliwaua watu waliojaribu kuvuka Mei 2021. Mwaka 2002 makumi ya watu walikufa kituo cha mafuta kilipolipuka wakati watu wanachota. Mafuta ya bure karibu na lava yaacheni.

Nimepokea ujumbe kwamba mlima utalipuka leo saa nne usiku. Niamini?

Hapana. Hakuna chombo duniani kinachotoa saa. Taarifa ya kweli husema eneo, kiwango cha hatari na hatua ya kuchukua. Ikitaja saa kamili, ni ya mtungaji.

Sisi wa Bukavu, haya yanatuhusu?

Kwa sehemu. Volkano za Kivu Kusini ni za kale, na matetemeko yenu mengi hutoka kwenye mipasuko ya Bonde la Ufa, si kwa magma. Yanaweza kuwa makubwa kuliko ya Goma na huja bila bumba la kuyatangulia. Jibu la kuta, pembe tatu na tangi linawahusu zaidi kuliko la lava.

Nikisikia tetemeko, nitume habari gani ili ziwasaidie wanaochunguza?

Saa hadi dakika. Kartie na avenue. Ulikuwa chini au ghorofani, umekaa, umesimama au umelala. Pigo moja au kuyumba, kwa sekunde ngapi. Kulikuwa na mlio kabla? Nini kilianguka? Ujumbe mmoja kwa kila tetemeko, usiyachanganye ya usiku mzima. Na kama jirani wa Mabanga anasema limepiga, wewe uliye Himbi hukusikia kitu, andika hivyo hivyo: "saa 3:20 usiku, Himbi, sikusikia."